Mume yuko Kahama, dalali kaja kupima nyumba. Sitaki talaka, nifanyeje?

MamaWatatu_Nzuguni

Habarini za jioni ndugu zangu. Naandika nikiwa na uchungu, mnivumilie.

Tulifunga ndoa kanisani mwaka 2011 hapa Dodoma, na baba alipokea ng'ombe kwa mila zetu za Kigogo. Mume wangu ni fundi ujenzi. Mimi nilikaa na watoto, na msimu wa zabibu nikienda Hombolo kuvuna kwa kibarua. Kiwanja cha Nzuguni tulinunua 2015. Msingi ulipochimbwa, mimi ndiye niliyewapikia mafundi ugali na mlenda, na maji ya kuchanganyia zege niliyabeba kichwani nikiwa na mimba ya mtoto wa tatu. Hati ina jina lake peke yake.

Mwaka 2021 akaenda Kahama kutafuta maisha. Alituma hela miezi minane, kisha kimya. Nasikia ana mwanamke kule. Juzi dalali kaja na mteja, wanapima vyumba nikiwa naanika nguo. Nikampigia shemeji, akanijibu: "Wewe hukuwa na kazi, utadai nini?" Tangu siku hiyo silali.

Talaka siitaki kwa ajili ya imani yangu. Baba naye anahofia ataambiwa arudishe ng'ombe. Kuna njia ya kutengana kisheria bila kuvunja ndoa, na watoto wabaki na paa?

Binti_wa_Mpwapwa

Pole sana dada yangu. Hilo neno la "hukuwa na kazi" nami niliambiwa, mbele ya watu.

Usiliamini. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ilishasema kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Ule ugali na yale maji yana hesabu yake. Tafuta mafundi waliokula chakula chako, waje waseme.

Kuhusu talaka nikuambie kilichonikuta, endapo siku moja utabadili nia. Nilikwenda mahakamani na barua ya kanisa inayosema wametushauri tukashindwa. Hakimu akaikataa. Talaka inataka hati ya Baraza la Usuluhishi la Ndoa, inayosema wazi kwamba usuluhishi umeshindikana. Nikarudi barazani, wakaniandikia. Kisha nikauguliwa na mama, nikakaa nayo nyumbani miezi tisa. Kumbe inatakiwa iwe ndani ya miezi sita kabla ya kufungua shauri! Nikaanza upya, nauli ya Mpwapwa kwenda na kurudi, mtoto mgongoni. Hakuna aliyeniambia mapema, ndiyo maana nakuambia wewe.

Msaidizi_wa_Sheria_Kongwa

Mama, njia unayoiulizia ipo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaruhusu kuomba amri ya kutengana. Ndoa inabaki, hakuna anayelazimika kuishi na mwenzake. Wengi hawajui kwamba kifungu cha 114 kinairuhusu mahakama kugawa mali hata kwenye kutengana, si kwenye talaka tu. Matunzo ya watoto pia omba humo humo. Unaweza kuanzia Mahakama ya Mwanzo.

Lakini nyumba kwanza, hata kabla ya kesi. Kifungu cha 59 kinamkataza kuuza nyumba mnayoishi kama wanandoa bila ridhaa yako, hata kama hati ni ya jina lake. Kwa kuwa hati ipo, nenda ofisi ya msajili wa hati ukaweke zuio. Chukua cheti cha ndoa. Mwenyekiti wa mtaa aambiwe, na yule dalali pia, mbele ya shahidi. Mnunuzi akishajua kuna mke ndani anayepinga, kwa kawaida anarudi nyuma.

Ng'ombe waachie wazee wazungumze. Kutengana si kuvunja ndoa, mwambie baba hivyo hivyo.

Binti_wa_Mpwapwa

Na usiweke sahihi karatasi yoyote atakayoleta shemeji. Yoyote.

MamaWatatu_Nzuguni

Mungu awabariki. Nimemsomea baba majibu yenu kwa simu, amenyamaza muda mrefu, kisha akasema atakuja Jumatatu twende wote kwa msajili. Cheti cha ndoa ninacho. Risiti za saruji mchwa wamekula nyingi, zimebaki nne, na fundi mmoja bado anaishi Ihumwa. Kesho alfajiri naenda kumtafuta.