Kisukari cha mimba: sukari ya asubuhi inapandaje na hajala usiku kucha?

Tausi
Wapendwa, naombeni ufafanuzi. Mdogo wangu ana mimba ya wiki 27, na kipimo cha kunywa glukosi (sukari) gramu 75 kisha kupimwa damu kimeonyesha kisukari cha mimba. Ameacha soda na sukari kwenye chai. Saa 2 baada ya kula anasoma 6.3 (mmol/L), lakini asubuhi kabla ya kula haishuki chini ya 5.6. Abadilishe chakula cha usiku? Na akipewa insulini, homoni ya kushusha sukari inayodungwa kwa sindano, haitamdhuru mtoto?

Mkunga wa Tanga
Dada, asijilaumu. Kondo la nyuma likishakua linamwaga homoni nyingi, kama laktojeni na projesteroni, zinazoifanya misuli ya mama iwe nzito kupokea insulini, ili sukari ibaki kwenye damu imfikie mtoto. Kongosho, kiungo kinachotengeneza insulini, linatakiwa kuitoa mara 2 hadi 3 ya kawaida. Likizidiwa, sukari inapanda. Usiku ini nalo huachia sukari, na alfajiri kotisoli, homoni inayopandisha sukari, inaongezeka. Kwa hiyo 5.6 si lazima itokane na chakula. Lengo la asubuhi ni chini ya 5.3, saa 2 baada ya kula, chini ya 6.7.

Bi Lishe
Asilale njaa wala asikate wanga wote. Kabla ya kulala ajaribu mtindi usio na sukari au karanga kiganja kimoja. Asubuhi ndipo mwili unapokataa wanga zaidi: uji mlaini na maandazi aweke kando, ale mayai na kipande kidogo cha kiazi kitamu. Atembee dakika 15 baada ya kula.

Mikono je? Akimenya embe kisha akajitoboa kidole bila kunawa kwa sabuni, mashine ya kupimia itasoma sukari ya embe. Saa 2 zihesabiwe tangu tonge la kwanza.

Mkunga wa Tanga
Kuhusu insulini: haivuki kondo kwenda kwa mtoto. Kinachovuka ni sukari. Ikizidi, mtoto hutengeneza insulini yake kwa wingi, ananenepa, mabega yanaweza kukwama wakati wa kuzaliwa, na akishakatwa kitovu sukari yake inaporomoka. Anyonyeshwe ndani ya saa ya kwanza, na apimwe sukari.

Wiki 1 au 2 za chakula na mazoezi zikipita na asubuhi bado ni 5.3 au zaidi, arudi kliniki na daftari la vipimo. Mara nyingi huanzishiwa insulini ya usiku. Kondo likitoka, mahitaji ya insulini hushuka siku hiyohiyo, kwa hiyo dozi ya ujauzito isiendelezwe bila daktari. Arudie kipimo cha gramu 75 wiki 6 hadi 12 baada ya kujifungua, hata kama anajisikia mzima.