Beetle ya 1969: nibaki na platinamu au nifunge elektroniki?

KobeWaTanga
Wakuu, habari za wakati huu. Nina Volkswagen Beetle 1500 ya mwaka 1969 niliyoachiwa na marehemu baba. Ililala bandani miaka sita, mwaka jana nikaifufua. Mjini Tanga haina neno. Shida ni mlimani: nikitoka Mombo kwenda Lushoto, nikikaribia Soni inaanza kukohoa na kuishiwa nguvu. Nikiipumzisha dakika ishirini inapanda tena kama si yenyewe.

Fundi mmoja kaniambia nitoe platinamu (zile ncha zinazokata na kuunga umeme wa koili ili plagi zipate moto) na kondensa yake, nifunge kifaa cha elektroniki kinachokaa mle mle ndani ya distribyuta, inayogawa moto kwa silinda. Mwingine kasema nisithubutu. Kifaa chenyewe bei yake ni zaidi ya mara kumi ya platinamu na kondensa kwa pamoja, na mpaka kiagizwe. Waliotumia vyote viwili naomba mnilinganishie. Gari hii siuzi. Nataka mwanangu naye aje aiendeshe.

FundiMstaafu
Mwanangu, hongera kwa kulitunza gari la mzee. Mimi nimeshika Beetle tangu nikiwa kijana wa kushikia wenzangu taa, na nakwambia baki na platinamu. Tommy Fjastad alishinda mbio za magari za Safari za 1962 kwa Beetle yenye platinamu, kwa barabara za wakati ule. Si platinamu zinazoshindwa mlima, ni namna zinavyotegwa.

Sikiliza. Kile kipande cha kahawia kwenye mkono wa platinamu kinasuguana na mhimili wa distribyuta. Kikilika, nafasi inafunga, na nafasi ikifunga moto unachelewa. Injini yenye moto uliochelewa inachemka. Ndiyo maana kila kilomita 5,000 unafungua kifuniko, unapima nafasi kwa fila geji (vile vibapa vyembamba vya kupimia), iwe milimita 0.4, unapaka grisi kidogo sana, kama punje ya mchele, pale kinaposuguana. Wengi wanasahau hiyo grisi, halafu wanalaumu platinamu.

Ukishapima nafasi, ndipo upange taimingi, yaani wakati wa kupiga moto. Huhitaji mashine ya kisasa. Chukua balbu ya volti 12 yenye nyaya mbili: moja kwenye koili, upande wa waya unaokwenda distribyuta, nyingine kwenye bodi. Washa swichi bila kupiga stata. Zungusha puli kwa spana, kisaa, taratibu, mpaka alama ikaribie mstari wa katikati ya injini. Balbu inapowaka tu, platinamu zimeachana, na silinda inayofuata inapata moto hapo hapo. Isipowaka kwenye alama, legeza distribyuta, isogeze kidogo kidogo mpaka iwake pale. Ni kazi ya dakika kumi, hata barabarani unaifanya.

Na kabla ya yote badilisha kondensa. Gari inayokufa ikipata joto na kufufuka ikipoa, mimi huanzia hapo.

DadaSpana
Shikamoo mzee. Maelezo ya balbu ni dhahabu, nimeyanakili. Lakini kwenye kondensa tunatofautiana. Za zamani zilidumu. Hizi zinazouzwa sasa, mimi hapa Nairobi nimefunga tatu kwa mwaka mmoja, zote mpya ndani ya boksi, na moja ilikufa siku ya pili. Hilo ndilo lililonipeleka kwenye elektroniki, na huu ni mwaka wa nne.

Nilichopata: asubuhi za baridi inawaka mara moja, saileni (mngurumo gari ikiwa imesimama) imetulia, na taimingi haihami kwa sababu hakuna kinacholika. Nikifungua distribyuta ni kufuta vumbi na kukagua rota. Nguvu haikuongezeka, na anayekuahidi nguvu anakuuzia maneno.

Masharti yake ni haya. Koili iwe na ukinzani unaotakiwa na kifaa, kwa vingi vya Beetle ni omu 3 hivi; pima kwa mita usisome kibandiko. Ukikosea chanya na hasi, hata kwa sekunde, kifaa kimekwenda. Usiache swichi imewashwa injini ikiwa imezima, maana kinaungua kimya kimya. Na kikifa hakitoi onyo, gari inazima tu. Kwa hiyo platinamu zangu za zamani na kondensa nzima nimezifunga kwenye kitambaa, ziko kwenye kisanduku cha mbele pamoja na bisibisi na fila geji. Bila hizo sitoki kwenda mbali.

Mvita12
Jamaa, nawasoma wote na kila mmoja ana hoja yake. Lakini mimi naomba KobeWaTanga akafungue boneti la nyuma sasa hivi, kabla hajaagiza chochote, atazame mpira wa petroli.

Nasema hivi kwa sababu Beetle ya mjomba wangu iliungua hapa Mombasa, tukiwa ndani. Tulitoka salama, gari haikutoka. Mpira ulikuwa umekauka na kupasuka pale unapoingia kwenye kabureta, na koili na distribyuta ziko hapo hapo jirani. Petroli ilidondokea injini ya moto. Fundi aliyelishika gari wiki ile ile alikuwa ameweka filta ya plastiki juu ya injini, ikining'inia na kuvuta mpira kila gari linaporuka shimo.

Basi: filta itoke ndani ya chumba cha injini, iwekwe chini, nje, upande wa gia au karibu na tangi. Mpira uwe wa petroli hasa, wa milimita 5 kwa ndani, si wa maji, na ufungwe kwa klipu kila mwisho. Halafu shika kile kimrija cha shaba kinachoingia kwenye kabureta, kitikise kwa vidole. Kikicheza, kabureta ishuke leo leo, kwa sababu siku moja kitachomoka na mpira wake na pampu itaendelea kumwaga. Mimi hubadilisha mipira yote kila miaka miwili, hata kama inaonekana mizima. Joto la pwani linaikausha kuanzia ndani.

Na weka mtungi wa kuzimia moto mahali mkono wa dereva unafika.

FundiMstaafu
Mvita12, pole sana, na asante. Hilo nilipaswa kulitanguliza mimi.

DadaSpana, marahaba. Kondensa za siku hizi sibishani nawe. Ukipata kuukuu ya Bosch inayofanya kazi, itunze.

Sasa KobeWaTanga, jambo moja zaidi. Vali umezipima lini? Beetle inapimwa injini ikiwa baridi kabisa, imelala usiku kucha. Nafasi ni milimita 0.15 kwa zote nane. Anza silinda ya kwanza, kisha rudisha puli kinyume cha saa nusu mzunguko, unapata ya pili, hivyo hivyo mpaka ya nne. Kagua kwa makini zaidi silinda ya tatu, ile ya kushoto upande wa mbele. Kwenye gari za umri wa yako, kipoza oili kimesimama ndani ya nyumba ya feni na kinaizibia hewa, kwa hiyo hiyo ndiyo inayochemka kuliko wenzake na vali yake ya moshi ndiyo hufa kwanza.

Na usidanganywe na ukimya. Vali yenye nafasi kubwa inapiga kelele, unaisikia. Iliyokosa nafasi hainong'oni hata kidogo, inaungua.

KobeWaTanga
Shikamoo mzee, na asanteni nyote. Mpira nimeutazama. Ukiukunja unaonyesha nyufa, na filta iko juu ya injini kama alivyosema Mvita12. Gari nimeipaki mpaka nipate mpira mpya.

Wakati nasubiri, niulize oili. Mmoja ananiambia sinthetiki, mwingine 20W-50. Na je, niongeze dawa ya kufidia risasi, ile madini iliyoondolewa kwenye petroli?

KombiDodoma
Hapo kwenye oili ngoja niingie. Injini yako haina filta ya oili, ina chujio la waya tu chini. Uchafu mdogo unabaki unazunguka hadi umwage. Kwa hiyo sinthetiki ya bei kali unayotaka ikae muda mrefu haikufai. Inayokufaa ni ya kawaida unayoimwaga mapema. Mimi natumia 20W-50 ya madini, lita 2.5, kila kilomita 3,000 kwa sababu ya vumbi la huku, ingawa 5,000 pia watu wanakwenda. Nyuma ya kopo tafuta iliyo na zinki ya kutosha, maana kamshafti na tapeti za injini hizi zinasuguana bapa kwa bapa, na oili nyingi za magari mapya zimepunguziwa zinki. Wengine hutumia oili ya dizeli ya 15W-40 kwa sababu hiyo hiyo. Kwa joto letu mimi naona 20W-50 inashika presha vizuri zaidi.

Ukifungua chujio, zile nati sita usizikaze kwa hasira. Nimeona skrubu ziking'oka na uzi wake.

Risasi usihangaike nayo. Silinda hedi za Beetle ni za alumini na viti vya vali ni vya chuma kigumu kilichopachikwa. Wenye kuhitaji dawa ni wale ambao viti vyao vimechongwa kwenye chuma cha kutupwa chenyewe, kama Morris Minor.

Kitu kimoja: mpira unaozunguka injini, unaotenganisha juu na chini, upo? Ukikosekana, feni inavuta hewa ya moto iliyokwisha kupita kwenye injini. Hiyo peke yake inaweza kukukohoza Soni.

KobeWaTanga
Narudi baada ya wiki tatu. Mpira wa petroli mpya, filta chini karibu na gia, kimrija cha shaba hakichezi. Mpira wa kuzunguka injini upande wa kulia haukuwepo kabisa, nimeupata. Platinamu zilikuwa zimebaki na nafasi ya 0.2, nimezirudisha 0.4 na taimingi kwa balbu ya mzee. Na vali ya moshi ya silinda ya tatu haikuwa na nafasi hata ya karatasi, fila geji ndogo kuliko zote haikuingia. Nimeitega.

Jumamosi nimepanda Lushoto na mama na mwanangu. Soni nimesimama kununua matunda tu.

Kifaa sijaagiza. Mzee, hiyo vali niipime tena lini?

FundiMstaafu
Kilomita 500, injini baridi. Ukikuta nafasi imefunga tena, vali inavutika, usiiendeshe. Shusha hedi kabla kichwa chake hakijakatika.