Ha Long Bay ya siku moja: nimeuziwa Sung Sot na Ti Top, nimepelekwa kwingine, na muongozaji ananiambia mapango ni yale yale

Wakuu habari za mida hii, poleni na majukumu.

Bado nina hasira kwahiyo mtanivumilia kama nitarukaruka. Mi na mama watoto tuko Vietnam, tukasema hatuwezi kufika Hanoi tukaondoka bila kuiona Ha Long, ile ghuba yenye visiwa vya mawe karibu elfu mbili vimechomoza baharini, ndani yake mapango, UNESCO wameiweka kwenye urithi wa dunia toka 1994. Siku za kulala kwenye boti hatukuwa nazo kwahiyo tukachukua safari ya kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Nikabuku kwa wakala mmoja mtaani karibu na ziwa la Hoan Kiem (jina silitaji, uzi usije ukafutwa), dola 58 kwa kichwa, keshi, na sikulipa kama bubu, nilimuuliza yule dada wa dukani kila kitu akanijibu, akanichorea mpaka kwenye ramani kwa peni nyekundu, hapa mnapita, hapa mnashuka, hapa mnapiga kasia.

Vocha ninayo hapa. Imeandikwa pango la Sung Sot, pango la Luon kwa kayaki, kisiwa cha Ti Top, na masaa sita ya kuvinjari ghubani. Hakuna hata kimoja nilichopata. Hata kimoja wakuu.

Kwa ambao hawajawahi kwenda, hizo sehemu zina maana yake. Sung Sot ndo pango kubwa ambalo Wafaransa walilikuta 1901, liko kisiwa cha Bo Hon, unapanda ngazi unaingia chumba cha kwanza unasema sawa, ukifika cha pili ndo unashika kichwa maana ni ukumbi mzima wa mawe. Luon iko kisiwa hicho hicho, ni kama tundu chini ya mwamba, linapita kayaki na mitumbwi midogo tu, ukitokea upande wa pili unajikuta kwenye ziwa limezungushiwa mawe pande zote. Ti Top sasa, kisiwa kilichopewa jina la yule mwanaanga wa Kisovieti Gherman Titov, rais wao Ho Chi Minh alimpeleka pale 1962, una ngazi zaidi ya 400 mpaka juu, na ile picha ya ghuba ambayo mnaiona kila siku mtandaoni, boti nyeupe zimetawanyika katikati ya visiwa, nyingi inapigwa kutokea pale juu. Mama watoto alikuja na raba mpya kwa ajili ya hizo ngazi. Hazijagusa ngazi hata moja ya Ti Top.

Haya, asubuhi saa mbili gari likatufata hotelini. Gari zuri, AC inapuliza, sina neno. Siku hizi kuna barabara ya haraka inapitia Hai Phong kwenda Ha Long, ilifunguliwa 2018, zamani watu walikuwa wanakaa njiani masaa kama manne, sasa hivi ni mawili na nusu hivi. Sa ule muda ambao barabara imeuokoa hawa jamaa wameupeleka dukani. Nusu ya njia gari likakunja, muongozaji anasema "kujisaidia kidogo", aisee, kujisaidia kidogo kwenye jengo kubwa kama ghala, mlango wa kuingilia ni mmoja na wa kutokea uko upande wa pili kabisa, na ili ufike chooni unapita kwanza kwenye masanamu ya mawe yenye urefu wa mtu, halafu vitambaa vya kudarizi, halafu mikufu, halafu kahawa, halafu pipi za ufuta, kila meza ina dada anakufata mguu kwa mguu. Gari limefungwa, dereva haonekani. Mzee mmoja wa Australia alitaka akae zake kwenye kiti apumzishe goti akaambiwa gari linafanyiwa usafi. Tulikaa pale karibu dakika arobaini na mimi chooni nilitumia mbili.

Tukafika bandari ya Tuan Chau saa tano na nusu jua limeshapanda, boti tukapanda karibu na saa sita. Hapo ndo pa kusikiliza vizuri, maana wengi hawajui hiki kitu na hawa matapeli wanaishi humo humo.

Ile ghuba imegawanywa kwa njia. Boti haiendi popote inapotaka, inakwenda njia yake iliyoruhusiwa, na tiketi ya kuingia ghubani inakatwa kwa njia. Njia namba 1 ndo ya karibu na bandari: pango la Thien Cung na la Dau Go ambayo yako kisiwa kimoja, unapita vile vijiwe maarufu (visiwa vidogo vya mwamba) vya Dinh Huong na Trong Mai, unakwenda eneo la Ba Hang unageuza. Njia namba 2 ndo inasogea mbele zaidi, huko ndo kuna Sung Sot, Luon na Ti Top. Kwahiyo mtu akikuuzia Sung Sot halafu akakukatia tiketi ya namba 1 hajakosea bahati mbaya, alishajua toka anachukua hela yako kwamba Sung Sot hufiki.

Tiketi zetu muongozaji alizikamata zote yeye, kifurushi kizima kimebanwa na raba, anazipitisha getini mwenyewe. Nikamuomba niione yangu tu nipige picha ya kumbukumbu, akasita, nikaichomoa. Kivietnam sijui lakini namba naijua, imeandikwa 1, tena wino haujakauka vizuri. Nikatoa vocha nikaiweka pembeni yake nikamwonesha. Kijana akatabasamu, "bosi, mapango ni yale yale, hili zuri zaidi, Sung Sot leo watu wengi sana". Nikamuuliza boti hii ina kibali cha kwenda Ti Top au haina? Akasema kapteni ndo anajua. Kapteni nae Kiingereza hajui, au kimemtoka ghafla. Nikawauliza abiria wengine vocha zao, kila mtu ana ya kwake! Kuna kabinti ka Ufilipino vocha yake imeandikwa Thien Cung na kalipa dola 35, kuna wale Waaustralia vocha yao kama yangu kabisa na wamelipa 70. Boti moja, chakula kimoja, njia moja, bei kila mtu na yake. Usanii wa wazi.

Sasa boti imeshatoka utafanyaje, utaruka?

Ghuba yenyewe sitaitukana maana haina kosa. Ule mwamba ni wa chokaa, maji ya chumvi yameula kwa chini miaka na miaka mpaka kila kisiwa kina mkato kama kiuno usawa wa maji, juu miti imeshika kwenye nyufa ambazo huoni hata udongo, maji ya kijani, kimya. Nilipanda juu ya boti nikasahau hasira kidogo. Lakini hicho kipande ambacho boti inatembea kweli kati ya visiwa hakikufika hata saa zima, kwa sababu baada ya hapo tulifunga injini kula, na tumefunga sehemu ambayo boti zingine kama thelathini zimefunga pia, moshi wa dizeli unaingia kwenye sahani ya samaki, spika ya boti ya jirani inapiga mziki wa harusi.

Chakula kilikuwemo kwenye bei, vinywaji havimo. Sawa, hiyo niliambiwa. Ambacho sikuambiwa ni huu mchezo: asubuhi kwenye gari muongozaji alitutangazia kwamba Ha Long plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku toka 2019, ambayo ni kweli, kwahiyo chupa za maji tuziache kwenye gari. Watu tukawa waungwana tukaacha. Kufika kwenye boti maji yanauzwa dong (hela ya huku) elfu 60 chupa, dukani Hanoi sinunui hata kwa elfu 15, na mama watoto kaagiza juisi ya embe imekuja na mrija wa plastiki, umefungwa kwenye plastiki. Nilichukua ule mrija nikauweka kwenye mfuko wa shati ninao mpaka sasa.

Na kuna hii nyingine. Tulipofika kwenye kijiwe cha Dinh Huong, kile kilichokaa kama chetezo cha ubani, muongozaji kachangamka, "toeni noti ya laki mbili!" maana kile kijiwe ndo kimechorwa nyuma ya noti ya dong 200,000. Watu wote wakanyanyua noti zao juu wapige nayo picha, mi nikanyanyua yangu, boti ikapunguza mwendo dakika chache, ikaondoka. Bili ya vinywaji ikaja palepale watu bado wameshika noti mkononi. Maji mawili na juisi, laki mbili ikakatika, chenji elfu kumi. Huyo aliyepanga hivyo ana akili sana, tatizo anazitumia vibaya.

Kilichonitisha hasa ni jaketi okozi. Nilizitafuta. Ziko chini ya benchi la nyuma, zimefungwa na kamba zote pamoja bunda moja, fundo limekaza, juu yake wamepanga kreti za bia. Nikamwambia mhudumu azifungue atugawie akacheka. Sasa mtu anayefanya kazi humo anacheka nini? Tarehe 19 Julai 2025 boti ya utalii ilipinduka humo humo ghubani, mchana, ilikuja dhoruba ya ghafla, ilikuwa na watu 49 na waliokufa ni zaidi ya 30, watoto wakiwemo. 2011 nyingine ilizama alfajiri abiria wamelala wakafa 12. Hayo yameandikwa kwenye magazeti ya dunia nzima. Nikamuuliza muongozaji kama anaijua ile ya Julai, uso ukabadilika, akasema "ile ilikuwa kampuni nyingine". Kwani dhoruba inasoma jina la kampuni? Mzee wa Australia ndo alizitoa zile kreti mwenyewe na goti lake bovu, tukafungua bunda, mbili hazina vifungo.

Pango la Thien Cung tumeingia, sawa, ni pango zuri, mawe yananing'inia mpaka yamegusana na ya chini yakawa nguzo. Ila wameweka taa za kijani na zambarau na pinki mpaka jiwe lenyewe hujui lina rangi gani, na mapipa ya taka yametengenezwa umbo la pengwini, yamesimama mdomo wazi kila kona, hapo sijaelewa pengwini na Vietnam wapi na wapi. Unatembea foleni moja, ukisimama kupiga picha nyuma wanakusukuma, muongozaji yuko mbele na kibendera anahesabu watu tu, historia ya pango alituelezea kwa kuonesha jiwe lililofanana na simba na lingine lililofanana na wapenzi. Kayaki huko Ba Hang ikageuka kuwa mtumbwi wa mianzi anakupigia kasia mama mmoja, mama wa watu mstaarabu sana, hana tatizo, ila "kayaki imejaa" haiwezekani wakati nimeziona zimepangwa kumi na kitu kwenye jukwaa hakuna mtu.

Saa tisa na nusu boti imefunga bandarini. Toka saa sita. Hayo ndo masaa sita yao, sijui wamejumlisha na lile ghala la masanamu. Na kurudi Hanoi gari likakunja tena, safari hii duka la lulu, tukaoneshwa chaza anapasuliwa, halafu vioo na mashine za kadi kila meza. Hapo watu wote tuligoma kushuka, na dereva akazima AC.

Nimewapigia wakala usiku huo huo. Yule dada wa peni nyekundu anasema ratiba inaweza kubadilika kutokana na hali ya hewa. Hali ya hewa gani? Jua lilikuwa linatoboa, na boti za njia namba 2 nimeziona kwa macho yangu zinatoka bandari ile ile. Nikamtumia picha ya tiketi na vocha pamoja, kimya, baadae akajibu wananipa punguzo la asilimia 10 safari ijayo. Safari ijayo na wao? Makubwa haya.

Najua watakuja wale wa "si ungelala kwenye boti" na "si ungeenda ghuba ya Lan Ha kule kisiwa cha Cat Ba kumetulia". Sawa wakuu, nimewasikia, na kweli Lan Ha watu wanaisifia. Lakini mi sijalalamika kwamba siku moja ni fupi. Kuna watu kwenye boti za namba 2 wameenda siku moja wakaona walichokilipia. Nalalamikia kuuziwa kitu kwa maandishi nikapewa kingine huku natabasamiwa. Kama uko njiani kuja huku, kabla hujatoa hela mwambie wakala aandike kwenye risiti namba ya njia, sio majina ya mapango, namba, na ukifika getini shika tiketi yako mwenyewe. Akianza kung'ata maneno, vuka barabara, mawakala wamejaa mtaa mzima.

Sasa swali langu kwa waliokwisha kukaa Hanoi: kuna aliyewahi kurudishiwa hela na hawa mawakala wakati alilipa keshi? Ulipitia ofisi gani, au ulikomaa nao dukani? Nataka tofauti ya bei kati ya njia 1 na 2, sio hela yote, na nataka waandike kwamba jaketi zilifungwa kamba. Tunaondoka keshokutwa. Duka linafunguliwa saa mbili asubuhi, mi saa mbili kasoro nitakuwa mlangoni na vocha, tiketi na ule mrija.