Naomba ushauri: wasifu wa babu yetu, mwanamaji mstaafu, kwa ajili ya wajukuu zake

Mjukuu wa Shimoni:

Assalaam alaikum, wazee wangu na ndugu zangu.

Mwezi uliopita tulimzika babu yetu mzaa mama, mzaliwa wa Shimoni, aliyekuwa mwanamaji wa Kenya kabla ya kustaafu na kurudi nyumbani. Tulimzika siku ile ile baada ya Alasiri, kwa hiyo hapakuwa na nafasi ya kueleza maisha yake. Imamu alisema maneno machache, tukaomba dua, tukatawanyika. Familia imekubaliana kwamba siku ya hitima ya arobaini usomwe wasifu kamili, na nakala ichapishwe ili kila mjukuu awe na yake. Kazi hiyo nimekabidhiwa mimi.

Shida yangu ni kwamba babu mlezi ninamjua kwa undani, lakini babu mwanamaji simjui. Mama alipokwenda kufanya kazi Muscat, mimi na wadogo zangu tulibaki mikononi mwa babu na bibi. Yeye ndiye aliyehudhuria mikutano yote ya wazazi shuleni, akiwa amevaa kanzu iliyopigwa pasi na viatu vinavyong'aa, na karo ilitoka kwenye pensheni yake bila sisi kusikia lalamiko. Alituamsha kabla ya adhana ya Alfajiri na kutukagua kucha na kola. Kamba yoyote iliyokuwemo nyumbani, hata ya kuanikia nguo, ilipaswa kukunjwa kwa duara kufuata mwendo wa saa, na aliyeikunja kinyume aliambiwa aifungue aanze upya. Hatukujua kwa nini, naye hakupenda kueleza. Alisema tu kwamba ndivyo inavyotakiwa.

Kuhusu jeshi nina vitu vitatu tu. Kuna picha yake akiwa kijana, amesimama gatini kwenye baridi, na nyuma ya picha pameandikwa kwa mkono "Portsmouth 1966". Kuna maneno ya bibi, ambaye tangu tukiwa wadogo husema kwamba babu alikuwa akilala kwenye Chui. Wadogo zangu walipoyasikia mara ya kwanza walikataa kwenda kulala. Na kuna mjomba wangu, anayetaka tuandike kwamba babu alianzia katika jeshi la majini la Malkia wa Uingereza kisha akapigana vita vya baharini. Bibi husikia hayo akanyamaza. Sitaki kumkosea heshima mjomba, wala sitaki kusoma mbele ya watu jambo ambalo babu mwenyewe hakulisema. Nianzie wapi, na niyaunganishe vipi maisha yake ya meli na maisha yake nasi?

Mstaafu wa Mtongwe:

Waalaikum salaam, mwanangu. Poleni sana kwa msiba, Mwenyezi Mungu amrehemu mzee wetu na amweke mahali pema.

Mimi niliingia jeshini nyuma yake, na kwa maelezo uliyotoa siwezi kusema kama tulikutana, lakini picha yako na maneno ya bibi yako vinaweza kuwa na maana kubwa kuliko unavyodhani. Jeshi la Wanamaji la Kenya lilianzishwa tarehe 12 Desemba 1964, siku ile ile nchi ilipokuwa Jamhuri, na makao yake makuu yako Mtongwe, ng'ambo ya Likoni. Boti zake za kwanza za doria zilikuwa tatu, Simba, Chui na Ndovu, na zote zilijengwa na kampuni ya Vosper huko Portsmouth, Uingereza, na kukabidhiwa Kenya mwaka 1966. Kwa hiyo kijana wa Kenya aliyesimama gatini Portsmouth mwaka huo, ambaye baadaye mkewe anasema alikuwa akilala kwenye Chui, ana dalili zote za kuwa mmoja wa waliozipokea boti hizo. Thibitisha kwa karatasi zake kabla hujaandika, lakini ndipo pa kuanzia.

Tafadhali waeleze wajukuu jinsi boti hizo zilivyokuwa. Hazikuwa meli kubwa za kuonekana kwenye sinema. Urefu wake ulikuwa kama mita 31, na watu zaidi ya ishirini walikula, walilala na kufanya kazi humo. Msimu wa kusi ukichachamaa, chombo cha kiasi hicho hulala upande huu kikaamkia upande wa pili usiku kucha, na zamu hazisubiri mtu apone kichefuchefu. Ndani ya nafasi ndogo namna ile, kitu kisichowekwa mahali pake humuumiza mwenzako, na ndiyo sababu babu yenu aliwakagua hata kucha.

Kuhusu kamba, mwanangu, nimefurahi mno kusoma habari hiyo. Kamba ya kawaida ya melini ina nyuzi tatu zilizosokotwa kuelekea kulia. Ukiikunja kwa kufuata mwendo wa saa, unakwenda na msokoto wake, inalala tulivu na hufunguka mara moja inaporushwa gatini. Ukiikunja kinyume inajipinda, inafanya vifundo, na chombo kinapokaribia gati kwenye mkondo, kamba iliyokwama inaweza kumkata mtu mkono. Babu yenu hakuwa akiwasumbua. Aliwafundisha kazi yake bila kuwaambia kuwa ni kazi yake. Andika hivyo hivyo.

Sasa suala la vita, na ninalisema kwa heshima zote kwa mjomba wako. Katika miaka ambayo huenda babu yako alitumikia, jeshi letu halikupigana vita vya meli kwa meli. Operesheni kubwa ya kutoka baharini ambayo Wakenya wengi wanaikumbuka ni ile ya kuuteka mji wa Kismayu, Somalia, Septemba 2012, na wakati huo babu yako alikuwa amekwisha kustaafu. Kazi ya enzi zake ilikuwa doria: kuzuia magendo, kulinda maji ya uvuvi, kutafuta waliopotea baharini. Usidhani ni kazi ndogo. Vita vya Shifta, vya waasi wa kaskazini-mashariki waliotaka kujiunga na Somalia, vilidumu hadi 1967, na mwambao wa kaskazini, kutoka Lamu hadi Kiunga, haukuwa mahali pa matembezi. Mtu anayekaa macho usiku ili wengine walale ana sifa ya kutosha. Hahitaji kuongezewa mizinga.

Msomaji wa Nyaraka:

Poleni kwa msiba. Naongeza kidogo kuhusu hilo la "jeshi la Malkia", kwa sababu watu wengi wa pwani hulichanganya, na si kosa lao.

Palikuwa kweli na jeshi la majini la kikoloni. Kikosi cha akiba cha Kenya kiliundwa mwaka 1933. Mwaka 1942, wakati wa Vita Kuu ya Pili, baada ya Wajapani kuishambulia Colombo, Waingereza walihamishia sehemu kubwa ya meli zao za Bahari ya Hindi Kilindini, bandari ya Mombasa, na mabaharia wengi wa kwetu walipata kazi katika shughuli hizo. Mwaka 1950 kikaundwa kikosi kimoja cha Afrika Mashariki, baadaye kikapewa jina la Kifalme, kikazihudumia Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar hadi kilipovunjwa mwaka 1962. Kwa hiyo tafuta kwanza mwaka wa kuzaliwa wa babu. Kama alizaliwa katikati ya miaka ya 1940, alikuwa bado mvulana kikosi hicho kilipovunjwa, na huenda mjomba amesikia habari za baba yake babu au za jirani. Kama alizaliwa mapema zaidi, jambo hilo linawezekana na linafaa kuchunguzwa.

Tazama pia vyeo. Wanamaji wa Kenya hutumia vyeo vinavyofanana na vya jeshi la nchi kavu, na kamanda wao ni Meja Jenerali, si Admirali. Ukikuta karatasi imeandikwa koplo au sajenti, usidhani umeokota cheti cha mtu mwingine. Cheti cha kustaafu ndicho cha kutafutwa kabla ya kingine chochote. Kisipopatikana, waulizeni chama cha wanajeshi wastaafu, DEFOCA, au Wizara ya Ulinzi, na aende mtu wa karibu wa marehemu akiwa na cheti cha kifo na kitambulisho chake.

Bibi akikumbuka majina mengine ya boti, yaandike yote, kwa sababu yanasaidia kupanga miaka: Mamba ilikuja mwaka 1974, na Madaraka, Jamhuri na Harambee zikafuata mwaka 1975.

Bi. Kigamboni:

Shikamooni wakubwa. Dada, pole sana na msiba.

Mimi ni Mtanzania, na babu yangu alikuwa mwanamaji huku kwetu, katika kamandi iliyoanzishwa mwaka 1971 ikiwa na kambi yake hapa Kigamboni, iliyojengwa kwa msaada wa China. Alipofariki, mimi nilikabidhiwa kazi kama yako, na ninataka kukuambia jambo moja tu, kwa sababu ya historia wazee wamekwisha kukueleza vizuri kuliko ningeweza mimi.

Usiugawe wasifu mafungu mawili, la kwanza jeshi na la pili familia. Wasifu wa namna hiyo husomwa sana misibani, na wajukuu wadogo huanza kusinzia kwenye tarehe, wakaamka jina la babu linapotajwa na vitu wanavyovijua. Anza na kamba ya kuanikia nguo, ambayo kila mtu wa nyumba ile ameishika. Kisha eleza kamba hiyo ilitoka wapi, na hapo ndipo uingize Portsmouth, boti na miaka. Kwenye kukaguliwa kola, eleza maisha ya watu wengi ndani ya boti ndogo. Kwenye karo, eleza pensheni ile ilipatikana kwa kazi gani.

La bibi nalo ulitazame. Mtu akitaja huduma ya mwanamaji humtaja yeye peke yake, lakini babu alipokuwa doriani kuna mtu aliyekuwa nyumbani na watoto, akisubiri bila simu. Kama bibi ananyamaza mjomba anaposimulia, kaa naye peke yako, mbali na kikao cha wanaume, umsikilize. Na kama kuna analolijua na hataki lisomwe, lisisomwe.

Mjukuu wa Shimoni:

Shukrani zisizo na kifani kwenu nyote, na shikamoo mzee wangu wa Mtongwe.

Nimekaa na bibi jana usiku. Amefungua sanduku ambalo hatukuwahi kuruhusiwa kuligusa, na cheti kimo. Babu alizaliwa mwaka 1945 na aliandikishwa mwaka 1965, kwa hiyo la jeshi la Malkia limekwisha. Aliyetumikia Kilindini wakati wa vita alikuwa mjomba wake babu, mpishi. Jina lake nitalitaja kwenye wasifu, na mjomba wangu ameridhika kabisa. Amekubali pia kuliacha suala la kupigana vita, baada ya kumsomea maneno yako kuhusu doria mara mbili.

Bibi amenieleza kuwa babu alipokuwa safarini hakuwahi kumwambia siku ya kurudi, kwa sababu haikuruhusiwa, na kwamba mama yangu alizaliwa yeye akiwa majini. Alipomwona mtoto mara ya kwanza, alikuwa amekwisha kuanza kukaa. Bibi anaamini ndiyo sababu hakukosa hata mkutano mmoja wa shule wa sisi wajukuu, ingawa yeye mwenyewe hakulitamka. Ameniruhusu liandikwe.

Nitaanza na kamba, kama ulivyonishauri dada yangu. Mzee wangu, familia inakualika kwenye hitima. Nimekutumia mahali na siku kwa ujumbe wa faragha.

Mstaafu wa Mtongwe:

Nitafika, inshallah, na nitakuja na mwenzangu mmoja aliyewahi kufanya kazi kwenye Chui. Leteni ile picha ya Portsmouth, ikiwezekana iliyokuzwa, tuwatazame na waliosimama nyuma yake. Huenda tukapata majina yao pia, mkayaandika.