Uchoraji kwa watoto wa makao: nianze na vifaa gani, na nini huwa kinaharibika?

Nyamizi_Moro
Habari zenu wakuu. Kuna makao ya watoto hapa Morogoro, watoto 24, umri miaka 6 hadi 14. Uongozi umenikubalia kuwafundisha kuchora kila Jumamosi alasiri, na kuna mtu kajitolea 150,000 za vifaa. Sitafuti kuwatoa wachoraji. Nataka wapate pa kuwazia maisha yao ya mbele, maana ukiwauliza wanataka kuwa nani, wote ni rubani au daktari. Ukiwapa karatasi, wote ni nyumba ileile yenye mlango katikati, bendera na ua. Ninunue nini na nianzie wapi? Naomba ya vitendo, maneno ya kutia moyo ninayo ya kutosha.

BrashiNene
Dada, hela hiyo inatosha miezi kadhaa usipoimalizia kwenye rangi za dukani. Weka uzito kwenye karatasi. Rimu ya A4 ya kawaida ni nyepesi, ikiguswa na maji inajikunja na rangi ikikauka inabanduka. Chukua karatasi nene za manila, kila moja ikate vipande vinne: karatasi 6 zinawatosha watoto 24 kwa siku moja. Maboksi ya dukani nayo ni mali, fungua, kata, chora upande usio na maandishi.

Rangi pika mwenyewe. Kikombe kimoja cha unga wa ngano koroga na kikombe kimoja cha maji baridi mpaka mabonge yaishe, mimina vikombe vitatu vya maji ya moto huku unakoroga, rudisha moto mdogo hadi uwe uji mzito. Nusu kijiko cha chumvi. Ukipoa, gawa kwenye makopo. Nyekundu ni udongo mwekundu uliochujwa kwa kitambaa, nyeusi mkaa uliosagwa, njano manjano ya jikoni (inapauka juani, usibandike picha hizo dirishani), buluu ile bluu ya kufulia nguo, nyeupe chaki iliyopondwa. USITUMIE CHOKAA. Inaunguza ngozi, na ikiingia jichoni ni hospitali. Rangi za kutilia ukili wa mikeka pia ziache, hazikutengenezwa kwa mikono ya mtoto wa miaka 6 anayekula kidole.

Kila kopo ongeza kijiko cha gundi nyeupe ya mbao ili rangi ishike, la sivyo itapukutika kama unga. Kwa joto la Moro uji huo siku ya tatu unanuka, kwa hiyo pika Ijumaa jioni na kinachobaki Jumamosi mwaga.

Brashi 12 za kununua zinatosha. Nyingine tengeneza kwa sponji la godoro kuukuu, funga kwa uzi kwenye kijiti. Sheria moja tu: kila kopo na brashi yake, haihami. Isipofuatwa, baada ya robo saa makopo yote yana tope la kahawia na watoto wanakata tamaa bila kujua sababu.

mama_zoezi
Kuhusu nyumba, bendera na ua: hiyo ni picha waliyofundishwa kwamba ndiyo sahihi, na wageni wameisifia mara nyingi. Usiwakataze. Waondolee nafasi ya kuikumbuka kwa kuwawekea kitu mbele ya macho. Chungwa lililokatwa nusu. Kandambili iliyolika kisigino. Sufuria iliyobonyea. Waambie wachore mahali ilipobonyea kwanza. Wiki tatu za mwanzo ficha vifutio na rula, maana mwenye kifutio anafuta dakika 40 na karatasi inatoboka.

Wadogo wanapenda sana mshumaa: mtoto anachora kwa mshumaa mweupe juu ya karatasi nyeupe, haoni kitu, kisha anapaka rangi nyepesi ya maji na mistari inajitokeza. Mshumaa ukandamizwe hasa, ukipitishwa juujuu haufanyi kazi.

Watoto 24 na mtu mzima mmoja haiwezekani, hilo jiandae. Makundi matatu ya wanane. Wa miaka 6 hadi 8 wape dakika 40, wakubwa saa moja na robo. Panga na walezi muda usiogongana na kuoga wala chakula, kwa sababu kengele ikilia katikati ya picha mbichi zitapangwa moja juu ya nyingine na zote zitaganda.

Sasa hiyo rubani na daktari. Ni jibu la wageni, linatoka mdomoni kabla mtoto hajafikiri. Usiulize "unataka kuwa nani". Mwambie achore mikono ya mtu akiwa kazini. Mikono tu, na kilichoshikwa. Wiki inayofuata, mahali anapofanyia kazi hiyo: meza, sakafu, nani kaingia mlangoni, anakula nini mchana. Hapo ndipo utaona mmoja hajui rubani anakaa wapi ndani ya ndege, na mwingine anajua kila spana ya fundi wa bodaboda wa pale barabarani. Wa pili tayari ana ndoto, hajaambiwa tu kwamba inahesabika. Mwite fundi huyo aje saa moja na boksi lake la vifaa, watoto wachore spana, plagi, cheni. Kwa wa miaka 13 na 14 malizia na mchoro wa njia: leo yuko darasa gani, nini kinafuata, vyuo vya ufundi vya VETA vinafundisha nini, nani wa kumuuliza.

AfisaJamii_
Naongeza mambo ya utaratibu, watu huyaruka kisha wanafungiwa mlango.

Kukubaliwa na uongozi wa makao hakutoshi. Chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009 makao yako chini ya usimamizi wa ustawi wa jamii, kwa hiyo andika barua kwa afisa ustawi wa halmashauri: siku, saa, shughuli, majina ya watakaoingia. Kaa ukumbini au barazani penye macho ya watu, usibaki na mtoto mmoja chumba kilichofungwa. Mikasi na nyembe za kuchongea hesabu ukizitoa na ukizikusanya.

Picha za sura za watoto mtandaoni hapana, hata kama ni za kumshukuru mfadhili. Piga picha mchoro wenyewe tu, na jina kamili lisionekane.

La mwisho, usijifanye mganga wa kusoma picha. Mtoto aliyepaka nyeusi tupu huenda nyeusi ndiyo iliyobaki kwenye kopo. Sema "nieleze picha yako", basi. Lakini akikueleza amepigwa au ameshikwa vibaya, usimhoji wala usimwahidi siri. Andika maneno yake kama alivyoyasema, tarehe na saa, mpelekee afisa ustawi siku hiyohiyo. Ukihofia kwamba mhusika yumo ndani ya makao, piga simu 116, namba ya msaada kwa watoto, ni bure.

Kisauni_Art
Hujambo dada, nachangia kutoka Mombasa. Wenzangu wamesahau faili. Kwenye makao nguo zinashirikiwa, vitanda vinabadilishwa, hata daftari linaweza kuwa la mwenzake wa mwaka jana. Kata boksi, kunja, shona kwa uzi, kila mtoto apate jalada lenye jina alilolichora mwenyewe. Kazi zote zikae humo, mahali pakavu, juu mchwa wasipofika. Kila picha iwe na jina na tarehe nyuma, kwa penseli, wino unapenya.

Hili si jambo jipya. Mchoraji Friedl Dicker-Brandeis aliwafundisha watoto kuchora katika nyumba za watoto za Terezín, geto ambalo Wanazi waliwafungia Wayahudi, kuanzia 1942, na alisisitiza waweke majina yao kwenye michoro. Mwaka 1944 aliuawa Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi. Masanduku mawili aliyoyaacha yalikuwa na michoro takriban 4,500, na majina hayo ndiyo yaliyowezesha watu kujua ni nani aliyechora nini.

Huku Kenya mkakati wa serikali wa 2022 hadi 2032 ni kuwatoa watoto kwenye makao warudi kwa familia na jamii. Mtoto akiondoka, jalada linaondoka naye. Si la makao, si lako.

BrashiNene
Kabla hujaulizwa kuhusu uchoraji wa tingatinga: Edward Saidi Tingatinga alianza 1968 Dar kwa rangi za mafuta juu ya hadibodi, lakini rangi hizo zinataka thina, mvuke wake unaumiza kichwa, na baadhi zina madini ya risasi yenye sumu. Tumia ile ya uji kwenye boksi. Paka mandhari yote kwanza, acha ikauke kabisa, chora umbo kwa chaki, jaza, nukta mwisho kwa kijiti cha kiberiti. Asiyesubiri mandhari ikauke anapata tope. Na ifundishe mwezi wa pili, si wa kwanza, vinginevyo umebadilisha nyumba na bendera kwa twiga 24.

Nyamizi_Moro
Mmenisaidia sana. Mawili yamebaki: yupo mmoja anamaliza kuchora vizuri halafu anachana. Na mgeni akitaka kununua picha?

mama_zoezi
Anayechana mpe karatasi za magazeti na bakuli la gundi, kuchana kuwe ndiyo kazi: abandike vipande kwenye manila. Picha aliyoichana usimuunganishie bila ruhusa yake, na usiwaulize wenzake kwa nini.

Kuuza, jibu la kawaida liwe hapana. Ukiruhusu, baada ya wiki mbili wote watachora kilichonunuliwa, na wakubwa watachukua picha za wadogo. Mgeni akisisitiza, mwambie karatasi za manila zinauzwa duka la vifaa vya shule.