Nataka kuficha jiokashi njia ya Irente, Lushoto. Ugumu niuweke wapi ili mtu afurahie kutafuta?

Kipepeo_Soni:
Habari za jioni wakuu. Kwa asiyeujua huu mchezo, unaficha kopo lenye kidaftari mahali nje, unaweka koodineti (namba zinazoonyesha mahali penyewe) kwenye mtandao wa jiokashi, mtu anakuja na simu yake au GPS anatafuta, akilikuta anaandika jina na tarehe kisha analirudisha palepale. Sasa nataka kuficha la kwangu njia ya kutoka Lushoto mjini kwenda Irente, ile ya miguu inayopita kwenye misonobari, na sitaki liwe la mtu kufika na kuokota tu kama embe lililoanguka. Nataka ahangaike kidogo lakini akiondoka awe anacheka.

Nilichowaza, kuna vile vikopo vidogo vya sumaku ukubwa wa ncha ya kidole, nikitumbukize kimoja kwenye lundo la mawe karibu na juu kule, kidokezo nisiweke, halafu nijaze ugumu nyota 4. Jamaa mwingine kanishauri nizisogeze koodineti mita 20 hivi ili watafute zaidi. Mnaonaje?

Dira_ya_Korogwe:
Mdogo wangu hilo la kusogeza koodineti achana nalo kabisa. Simu ya kawaida penye uwazi inakosea mita 5 hivi, na ukiingia chini ya miti au ukisimama pembeni ya mwamba inakosea zaidi maana mawimbi yanagonga jiwe ndiyo yanafika kwako. Kwa hiyo mtafutaji tayari ana eneo la kutosha kuzungukia, ukimwongezea mita 20 za uongo hachezi tena na wewe, anahangaika na hewa. Koodineti ziwe safi kuliko kitu chochote. Weka simu pale mpaka itulie, andika namba, ondoka, rudi kwa upande mwingine upime tena, na siku nyingine tena, halafu chukua wastani.

Lundo la mawe nalo hapana. Wa kwanza akifika atapindua jiwe mojamoja, wa pili hivyohivyo, masika yakija mteremko wote uko wazi na udongo unashuka, bado sijataja nge. Na mtu aliyepindua mawe saa nzima akakipata hajisikii mjanja, anajisikia amechoka tu. Ugumu ninaoupenda mimi ni ule wa macho, kitu kipo mbele ya uso wake, pengine amekiegemea kabisa, ila kuna kitu kimoja hakijakaa sawa na kazi yake ni kukiona. Mfano chukua tawi kavu la mkaratusi, nene kama mkono, litoboe kwa ndani, ingiza zile chupa za plastiki ngumu za kiwandani ambazo hazijapulizwa kuwa chupa ya soda (zina mfuniko wa kuzungusha, maji hayaingii), halafu lilaze chini ya msonobari. Mwenye macho atajiuliza mkaratusi umefikaje pale.

Ngamiani_Kati:
Mimi ningefukia nusu tu. Si hata lile la kwanza kabisa, ndoo ya Dave Ulmer kule Oregon tarehe 3 Mei 2000, siku moja baada ya Marekani kuzima ule mvurugo waliokuwa wanautia makusudi kwenye GPS ya raia, ilikuwa imefukiwa nusu ndani ya ardhi? Ndani kulikuwa na vitabu, video, chakula na manati. Watu waliipata ndani ya siku chache.

Dira_ya_Korogwe:
Ni kweli ilifukiwa, lakini sasa hivi ukisema umechimba, wakaguzi wa kujitolea wa mtandao wa jiokashi hawaipitishi mpaka mwenye ardhi awe ameruhusu waziwazi. Na chakula pia hakitakiwi siku hizi. Bora isifukiwe, maana kufukia kunafanya watafutaji wote waanze kuja na majembe.

DadaMlalo:
Kaka Dira wazo lako zuri ila huishi huku juu. Tawi kavu la mkaratusi Lushoto halimalizi siku mbili njiani, mama mmoja akipita anatafuta kuni linaingia kwenye mzigo na jioni liko jikoni pamoja na kidaftari chenu. Kopo la chuma nalo usithubutu, vijana wa chuma chakavu wataliona kabla ya huyo mwenye GPS. Mbao ikigusa udongo ni chakula cha mchwa.

Kipepeo, jiulize kwanza ni kitu gani njia hiyo hakuna anayekihitaji, si kwa kuni, si kwa kuuza, si kwa mtoto kuchezea. Ndani usiweke vizawadi, weka kidaftari na penseli basi (kalamu ya wino unyevu wa huku unaiharibu, karatasi inabaki na madoa). Watoto wa pale wanajua kila kona, wakiona wageni watatu wamechungulia sehemu ileile wa nne atakuta hakuna kitu. Hao usiwafiche, waambie. Nenda kwa mwenyekiti wa kijiji ukiwa na hilo kopo mkononi umfungulie aone lina nini, na nyumba iliyo jirani wajue, watakulindia kuliko kufuli. Mtu anayeinama inama kwenye kichaka cha watu bila taarifa ataulizwa maswali, na ana haki ya kuulizwa.

Na ukingoni kule Irente usiweke kabisa. Mwamba unashuka wima mpaka bondeni, mtu macho yapo kwenye simu anarudi nyuma hatua moja anaangalia mshale, sitaki hata kuwaza.

Kipepeo_Soni:
Dada asante sana, hilo la kuni sikulifikiria hata kidogo. Basi jiwe? Maana mawe kila mtu anayapita tu. Ila nitarudi kulekule kwenye lundo.

Ngamiani_Kati:
Jiwe ndiyo lenyewe, ila liwe jiwe la kwetu Tanga. Huku nyumba za zamani zikibomolewa vipande vya mawe ya matumbawe vinatupwa tu, ni laini, kwa patasi na nyundo unachimba tundu kwa chini kinaingia hicho kichupa cha Dira, kwa juu huoni chochote. Ya milimani kwenu ni ya kijivu yanametameta, hili lina vitundu vitundu na ukilitazama karibu unaona alama za kombe za baharini. Liweke lenyewe pembeni ya njia na mawe mengine manne matano, si lundo. Hakuna wa kupindua kitu, anayaangalia yote amesimama.

DadaMlalo:
Hapo sawa! Hilo haliungui na halinunuliwi. Lisiwe kubwa la kumvutia fundi wa msingi tu.

Kipepeo_Soni:
Nimelipenda mno. Kidokezo niache kweli?

Dira_ya_Korogwe:
Weka. Kidokezo kwenye mtandao kinaonekana kwa herufi zilizovurugwa mpaka mtu mwenyewe aamue kukifungua, kwa hiyo hakimharibii asiyekitaka, na aliyesafiri toka Arusha na mtoto wake asirudi mikono mitupu. Ningeandika "Nani kati yao amewahi kuona bahari?" Mtu akisoma hapo akainua macho, mwenyewe atalitambua.

Nyota 4 ni nyingi, jaza 3. Nyota za njia ni kitu kingine, zile ni za miguu na mteremko, hizo zijaze kwa ukweli maana kuna watu wanakuja na wazee. Angalia pia kwenye ramani kama kuna jiokashi nyingine karibu, kati ya moja na nyingine ziwepo mita 161 la sivyo hawapitishi. Halafu masika yakiisha panda ukabadilishe kidaftari hata kama hakuna aliyelalamika. Ukishaonana na mwenyekiti niandikie, napanda Jumamosi yoyote na GPS ya mkononi tupime koodineti pamoja.

Ngamiani_Kati:
Jiwe naleta mimi, nitalipakia basi la asubuhi la Lushoto. Sema tu ukubwa.