Vita viliisha zamani lakini usiku bado nashtuka, nifanyeje?

Mtoto wa Gulu: Jamani habari zenu. Mimi ni mmoja wa wale watoto tuliokuwa tunatembea jioni na mkeka kichwani kwenda kulala mjini Gulu, kaskazini mwa Uganda, kwenye veranda za maduka ili waasi wa Joseph Kony (LRA) wasituteke. Sasa niko Kampala, kazi ipo, watoto wapo, lakini bodaboda ikipiga mshindo usiku najikuta nimesimama mlangoni natafuta viatu. Mke wangu anasema niombe tu. Kuna aliyepitia hii akapata nafuu?

Mzee Bombo: Pole sana mwanangu. Omba, ila nenda na Butabika, ile hospitali ya afya ya akili hapo Kampala, watu wanaogopa hilo jina wanadhani ni la wendawazimu tu, wapi, unaongea na mshauri halafu unarudi kwako.

Nyar Kitgum: Kaka pole, mimi nilitekwa kabisa. Niliporudi wazee walinikanyagisha yai, ile nyono tong gweno yetu Waacholi, ndo nikaingia nyumbani. Ndoto hazikuisha siku ile nisikudanganye, ila nilijua wamenipokea. Kilichonisaidia zaidi ni kikundi chetu cha akiba, tukimaliza kuhesabu pesa tunaongea, na leo akija msichana asiyeweza kusema kitu mimi ndo nakaa naye, simharakishi. Na mtu asikwambie eti mateso yamekukomaza, hiyo utasema mwenyewe ukitaka.

Mtoto wa Gulu: Asanteni sana. Dada, hicho kikundi wanaume mnaruhusu?

Nyar Kitgum: Wapo wawili, njoo, ila akiba utatoa tu haha